Hadithi Si Mali ya Mwenye Karatasi

Mwalimu wa fasihi simulizi humfunza mwanafunzi wake mapema kwamba hadithi haina bwana mmoja. Ina fanani anayeitamba na hadhira inayoipokea, na kila itambwapo huzaliwa upya. Mwanafunzi hulinakili jambo hilo daftarini, akalijibia mtihani, akapata alama zake, kisha akalisahau. Kwani huliona kuwa ni habari ya mabibi waliokaa kando ya moto hapo kale, wala si habari ya dunia ya leo yenye hakimiliki, leseni na mawakili. Mimi nashikilia kwamba ni habari ya leo hasa. Na ushahidi wangu siutoi Pate wala Siyu, bali nautoa katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako mnamo mwaka wa 1974 Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons.

Jina lenyewe lataja mahandaki ya chini kwa chini na majoka. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu, tena zilitiwa katika visanduku kwa mikono. Leo mchezo huo umekwisha kutimiza miaka 50, una mamilioni ya wapenzi, na mabishano yao juu ya nani ana haki ya kuubadilisha yamekuwa makali kuliko vita vyovyote vinavyopiganwa ndani yake. Mabishano hayo ndiyo niliyokusudia kuyazungumzia, kwa kuwa yanatugusa zaidi ya tunavyodhani.

Kwa asiyeufahamu, mchezo huu hauna kete za kuliwa wala goli la kufungwa. Watu wanne au watano huizunguka meza. Mmoja wao ndiye msimulizi: yeye huueleza mji, msitu, pango, na mlinzi aliyesimama mlangoni. Wenziwe, kila mmoja hujitwalia mhusika, awe shujaa wa upanga, mchawi, kasisi au mwizi, akasema mhusika huyo atenda nini. Penye shaka, kwa mfano iwapo mwizi ataufungua mlango kabla mlinzi hajageuka, hurushwa dadu, na ile mashuhuri kupita zote ina pande 20. Hakuna amshindaye mwenziwe. Kipatikanacho mwishoni ni hadithi, ambayo hata msimulizi mwenyewe hakuijua yote walipoketi. Kwa istilahi za darasani, msimulizi yule ni fanani, na wale wachezaji ni hadhira tendi.

Isitoshe, mchezo huu ulizaliwa na wapenzi wa hadithi za wengine. Gygax na wenzake walikuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za mashujaa na majini, na miongoni mwa viumbe waliowachota humo ni wale watu wafupi wa J. R. R. Tolkien waitwao hobbit. Mwaka wa 1977 wenye haki za kazi za Tolkien wakatishia kwenda mahakamani. Mchezo ukayabadilisha majina: hobbit wakawa halfling, na miti itembeayo, aliyoiita Tolkien ent, ikawa treant. Majina yalibadilika, watu wakabaki walewale. Basi kampuni iliyokuja baadaye kuwaambia mashabiki kwamba hadithi hii ni mali yake, nayo ilianza kwa kujichotea kisimani mwa jirani. Silisemi hili kwa kuilaumu. Nalisema kwa sababu hivyo ndivyo hadithi zote zinavyoanza.

Sindano ya shaba

Baada ya kanuni za mchezo zilikuja dunia za kuuchezea. Mkanada Ed Greenwood alikuwa ameanza kuibuni dunia yake utotoni, katika miaka ya 1960, kabla mchezo wenyewe haujakuwapo. Kampuni ya TSR ikainunua na kuichapisha mwaka wa 1987 kwa jina la Forgotten Realms, na bara lake kuu likaitwa Faerûn. Margaret Weis na Tracy Hickman walikuwa wametangulia na Dragonlance, ambayo riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1984. Mwaka wa 1991 ikaja Dark Sun, dunia ya jangwa. Kila dunia ilikuja na ramani, nasaba za wafalme, miungu, vita vya kale na tarehe zake. TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka wa 1997, nayo Wizards ikanunuliwa na Hasbro, watengenezaji wa vitu vya kuchezea, mwaka wa 1999. Hivyo hadithi ambayo kila usiku husimuliwa upya katika meza maelfu kwa maelfu ikawa na mwenyewe kisheria, mwenye ofisi na wenye hisa.

Hapo ndipo palipozuka swali. Ofisi inapotoa kitabu kipya na kusema kwamba mfalme fulani amekufa, je, amekufa pia katika meza yangu, ambako jana usiku tulikuwa tukila naye karamu?

Sisi watu wa pwani na bara la Afrika Mashariki swali hili tumelijibu zamani. Mtazameni Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa aliuandika utendi wake mwaka wa 1913, lakini Liyongo hakuwa wa Kijumwa. Waswahili humdai, Wapokomo nao humdai. Wako wanaoziweka zama zake mbali sana nyuma, wako wanaozisogeza karibu. Kila msimulizi humwongezea nguvu au humpunguzia kulingana na hadhira aliyo nayo. Pamoja na hayo yote, jambo moja halitoki: mwana anamuua baba kwa kumchoma sindano ya shaba kitovuni. Mwenye kuitoa sindano hiyo hasimulii tena habari za Liyongo. Anasimulia habari za mtu mwingine mwenye jina lake.

Nionavyo mimi, kila dunia ya kubuni ina sindano yake ya shaba, na kazi ya kwanza ya mtu anayetaka kuifinyanga upya ni kuitambua. Yaliyobaki ni halali yake kuyabadilisha. Greg Stafford, Mmarekani aliyeibuni dunia ya Glorantha kuanzia mwaka wa 1966 na ambaye dunia yake ilitumika katika mchezo mwingine uitwao RuneQuest, alilielewa hili vyema. Alikuwa na msemo kwamba Glorantha ya kila meza itatofautiana na ya meza nyingine. Mwenye kubuni alijua kwamba anawapa watu mbegu, na kwamba kila shamba lina udongo wake.

Kufuta na kuongeza

Wamiliki wa Dungeons & Dragons hawakuwa na hekima hiyo kila mara. Mwaka wa 2008, toleo la nne la mchezo lilipotoka, waliamua kuisafisha Faerûn ili wageni waingie bila kulemewa na historia ndefu. Wakamuua mungu wa kike wa uchawi, wakaleta janga lililoitwa Spellplague, yaani tauni ya uchawi, wakairusha kalenda mbele takriban miaka 100. Wahusika ambao watu walikuwa wamewazoea kwa miaka 20 wakawa wamekwisha kufa kwa uzee. Nchi nzima nzima zikatoweka. Mojawapo ni Mulhorand, iliyofinyangwa kwa mfano wa Misri ya mafirauni.

Mashabiki walikasirika, na hasira yao haikuwa ya kitoto. Mtu aliyekuwa amesimulia mji mmoja kwa miaka 15, akawapa wauza samaki wake majina na mahakimu wake tabia, aliambiwa kwamba mji huo umekuwa vumbi kwa sababu ofisi ilitaka kurahisisha mauzo. Wengi walifanya afanyalo fanani yeyote anayejiheshimu: waliendelea kuisimulia Faerûn ya kabla ya tauni. Kampuni ikalazimika kurudi nyuma. Mwaka wa 2013 ilianza kutoa mfululizo wa riwaya sita zilizoyageuza mengi ya yale mageuzi, na toleo la tano lilipofika mwaka wa 2014, mungu yule wa uchawi alikuwa amerejea.

Halikuwa funzo la kwanza. Katika miaka ya 1980 walitokea wazazi na wahubiri nchini Marekani waliodai kwamba mchezo huu unafundisha ibada za shetani. Toleo la pili lilipochapishwa mwaka wa 1989, mashetani waliondolewa kabisa. Mwaka wa 1991 walirudi wakiwa wamebatizwa majina mageni kabisa, baatezu na tanar'ri. Toleo la tatu la mwaka wa 2000 liliyarudisha majina ya zamani. Lakini tazameni maajabu ya hadithi: katika ile miaka ya katikati waandishi waliyachukua yale majina ya kukwepa lawama, wakayajengea makabila, majeshi na vita visivyokwisha kati ya pande mbili za kuzimu, hata leo wapo wapenzi wanaoyaenzi kuliko yale ya awali. Kilichofutwa kwa woga hakikudumu kufutika, ila kilichoongezwa kwa ubunifu kilidumu.

Hapa ndipo nilipoijenga hoja yangu. Njia za kuifinyanga upya dunia ya kubuni ni nyingi, ila zote huelekea pande mbili: kufuta na kuongeza. Mwenye kufuta huchukua kilichomkera, akakitoa, akaacha pengo. Mwenye kuongeza humuuliza msimulizi aliyemtangulia: ni nini hukukisimulia? Kisha hukisimulia.

Chukueni mfano wa watu waitwao drow. Gygax aliwaleta kwa ukamilifu katika vitabu vya mwaka wa 1978: jamii ya chini ya ardhi, katili, yenye kumwabudu mungu buibui, na yenye ngozi nyeusi. Katika masimulizi ya awali, weusi wao uliambatana na uovu wao. Walikuwa ndugu wa watu weupe wa msituni, wakaanguka. Msomaji Mwafrika hahitaji kuelezwa uchungu wa kisasili hiki. Kisa cha laana iliyomtia mtu weusi kiliwahi kutumiwa na wenye kuuza watu kujitakasa dhamiri. Sidai kwamba Gygax alikikusudia hicho. Nasema tu kwamba hadithi hubeba mizigo ambayo mchukuzi wake hakuifunga mwenyewe.

Mashabiki walifanya nini? Wako waliotaka drow wafutwe. Wako waliotaka waachwe kama walivyo, wakidai kwamba mchezo ni mchezo. Lakini kwa miaka mingi walikuwako pia wasimulizi mezani waliouliza swali la mtu wa tatu: ikiwa mji mmoja wa drow ni mwovu kwa sababu ya dini yake, miji mingine je? Naye R. A. Salvatore, mwandishi aliyemuumba Drizzt, drow mashuhuri kuliko wote, mnamo mwaka wa 1988, alikuja kulijibu swali hilo katika riwaya yake ya mwaka wa 2021. Alisimulia mji wa drow katika barafu ya kaskazini ambao haukupata kumpigia magoti yule buibui. Kwa kuongeza mji mmoja aliugeuza uzito wa dunia nzima. Uovu ukawa wa watawala wa mji fulani na dini yao, na ngozi ikarudi kuwa ngozi.

Keith Baker alikuwa amelifanya jambo kama hilo hata mapema. Mwaka wa 2002 Wizards of the Coast ilitangaza shindano la kutafuta dunia mpya, na mapendekezo takriban 11,000 yakaletwa. Lake ndilo lililoshinda, likachapishwa mwaka wa 2004 kwa jina la Eberron. Ndani yake orki, ambao tangu Tolkien walikuwa nyama ya panga za mashujaa, walipewa historia: wao ndio waliowafungia nje wavamizi kutoka ulimwengu mwingine, na wazao wao bado wanailinda mihuri ya milango ile. Goblini, ambao kwingineko ni wezi wa mapangoni, walikuwa wajenzi wa dola kubwa iliyotangulia miji ya binadamu, na binadamu wanakaa juu ya misingi yao. Baker hakufuta kitu. Aliwapa wasio na historia historia, na kuanzia hapo mchezaji aliyetaka kumuua goblini barabarani ilimbidi afikiri kwanza.

Linganisheni na lile lililotendeka mwezi wa Desemba mwaka wa 2021. Kampuni ilitoa masahihisho yaliyoondoa aya kadhaa kuhusu orki na viumbe wengine katika kitabu kilichokuwa kimeuzwa tangu mwaka wa 2016, na waliokuwa na nakala za kidijitali wakaziona aya hizo zikitoweka katika kitabu walichokilipia. Nia yaweza kuwa njema. Hata hivyo, msomaji aliachwa na pengo, bila kisa kipya cha kulijaza. Toleo la mwaka wa 2024 liliacha kabisa kuwaainisha watu wa mchezo kwa mbari, likatumia neno spishi. Mimi silipingi neno jipya, ila sioni kwamba neno pekee limewasimulia orki habari yoyote ambayo Baker hakuwa amewasimulia miaka 20 kabla.

Je, kufuta hakufai kamwe? Kwafaa, na ni lazima niseme lini. Katika dunia ya Ravenloft, iliyoanza kama kisa kimoja mwaka wa 1983, walikuwamo watu wahamaji waitwao Vistani: wapiga ramli, walevi, wezi wa watoto. Walikuwa wamenakiliwa kutokana na kashfa ambazo Ulaya iliwabandika Waroma, watu halisi ambao Manazi waliwaua kwa malaki. Mashabiki walilalamika, na mwaka wa 2020 kampuni ikaahidi kuyarekebisha maandishi hayo, kisha kitabu cha mwaka wa 2021 kikawachora Vistani upya. Hapo kufuta kulistahili, kwani tusi halikuwa la kiumbe wa kubuni. Lilimlenga jirani aliye hai, mwenye watoto wanaokwenda shule. Sindano ya shaba ya Ravenloft ni ukungu unaowafunga watu na mtawala aliye mfungwa wa dhambi zake mwenyewe. Matusi kwa Waroma hayakuwa sehemu ya sindano hiyo.

Ila pana kufuta kwingine kunakonitia shaka. Dark Sun ni dunia ambamo uchawi hunyonya uhai wa mimea, na wafalme wachawi wameigeuza nchi kuwa jangwa. Miji yao imejengwa kwa utumwa. Ilichapishwa upya mwaka wa 2010, na tangu hapo limesikika mara nyingi wazo kwamba ikirudi ni bora irudi bila watumwa. Nawauliza wenye wazo hilo: na waasi tuwapeleke wapi? Riwaya ya kwanza ya dunia hiyo, aliyoiandika Troy Denning mwaka wa 1991, ni kisa cha kumwangusha mfalme mchawi wa mji wa Tyr na kuwaacha huru watumwa wake. Ukiufuta utumwa katika kisa hicho umewafuta pia waliokata minyororo. Sisi tunaoishi kwenye pwani iliyouzwa watu wake twajua kwamba ukimya juu ya utumwa haujapata kumfaa mzao wa mtumwa. Umemfaa mzao wa mwenye mtumwa.

Chult na sisi

Sasa nalifikia swali ambalo nina yakini msomaji amelishika ulimini: mchezo wa Wamarekani watuhusu nini?

Kusini-magharibi mwa Faerûn pana rasi iitwayo Chult. Ni nchi ya misitu minene, joto, homa, mijusi mikubwa ya kale, magofu yenye dhahabu, na watu weusi. Ilipewa kitabu chake mwaka wa 1993, na mwaka wa 2017 ikawa uwanja wa kisa kikubwa kiitwacho Tomb of Annihilation. Bandari yake inaitwa Port Nyanzaru, jina ambalo halina budi kumfanya Mkenya ageuke kuangalia nani amemwita. Bandari ni nzuri: ina soko, ina wafanyabiashara wakuu saba wanaoitawala, ina mashindano ya mijusi mitaani. Lakini kitabu kinawaanzisha mashujaa katika mji wa mbali wa kaskazini, kinawarusha Chult kwa uchawi, kisha kinawatuma katika msitu ambao kwenye ramani yao ni eneo tupu la kujazwa. Tumeiona ramani hiyo kabla. Ilichorwa Ulaya katika karne ya 19, na sisi tulikuwa ndani ya sehemu iliyoachwa wazi.

Wako mashabiki wanaotaka Chult ifutwe kwa sababu hiyo. Mimi, kwa kufuata hoja niliyoitoa, nasema isifutwe, iongezewe. Na hapa tuna cha kuongeza ambacho mwandishi wa Wisconsin au wa Seattle hana.

Ningeanza na pepo. Bandari za pwani yetu zilitawaliwa na kaskazi na kusi; chombo kilichokuja na kaskazi kilingoja kusi ndipo kirudi. Itieni kanuni hiyo Port Nyanzaru muone kitakachotokea. Yule shujaa wa kigeni aliyezoea kuingia, kuiba dhahabu na kuondoka, sasa hawezi kuondoka mpaka upepo ugeuke. Kwa miezi kadhaa itambidi apange nyumba, ajifunze lugha, akope, alipe, aoe labda, na awaone kila asubuhi watu aliowakosea usiku. Upepo mmoja umembadilisha kutoka mporaji hadi mgeni, na mgeni ana adabu zake.

Kisha ningeuandama msitu. Wamijikenda wana makaya yao, misitu mitakatifu ambayo mwaka wa 2008 UNESCO iliiorodhesha katika urithi wa dunia. Msitu wa kaya si tupu. Una wazee, una njia inayopitika na isiyopitika, una mti usiokatwa na siku isiyoingiwa. Mchezaji anayeingia kwenye msitu wa namna hiyo hahitaji upanga kwanza. Anahitaji ruhusa, na kuipata ruhusa ni kisa kizima. Halafu ningewapa wenyeji mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na ningewapa desturi ya kuzikata kesi kubwa kwa kujibizana mashairi hadharani, kama zama za Muyaka. Hapo hata dadu yenye pande 20 ingetafuta kazi mpya: je, ubeti umeingia moyoni mwa hadhira, au umeanguka?

Hili si ndoto. Mwaka wa 2002 Christopher Dolunt alichapisha na kampuni ya Atlas Games kitabu kiitwacho Nyambe, dunia nzima iliyojengwa kutokana na mighani na visasili vya Kiafrika, ambamo shujaa ni mwenyeji. Aliweza kukitoa kwa sababu mwaka wa 2000 Wizards of the Coast ilikuwa imetoa leseni huria iliyowaruhusu watu wengine kuzitumia kanuni za msingi za mchezo. Mlango ulifunguliwa, na mmoja wa walioingia alikuja na Afrika mkononi.

Karatasi na hadithi

Mwezi wa Januari mwaka wa 2023 mlango huo ulikaribia kufungwa. Ilifichuka rasimu ya leseni mpya ambayo ingeibatilisha ile ya zamani na kuwadai mrabaha wachapishaji wenye mapato makubwa. Mashabiki hawakuandamana barabarani. Walifuta usajili wao wa kulipia huduma za mchezo, wakaandika, wakapiga kelele. Kampuni ilipowaomba maoni, watu zaidi ya 15,000 walijibu, na walio wengi mno waliikataa. Tarehe 27 Januari mwaka huohuo kampuni ilisalimu amri, ikaziweka kanuni za msingi, hati ya kurasa zipatazo 400, chini ya leseni huria ya Creative Commons, ambayo haiwezi kuitangua tena.

Ushindi ulikuwa mkubwa, ila tuutazame vizuri. Kilichoachwa huru ni kanuni. Faerûn, Eberron, Dark Sun na Chult zilibaki mali ya kampuni. Tangu mwaka wa 2016 shabiki anaweza kuandika visa vya Faerûn na kuviuza katika duka maalumu la mtandaoni, akapata nusu ya mauzo, lakini kwa masharti, na hawezi kukipeleka kisa hicho kwingine. Kwa hiyo kijana wa Lamu akiiandika ile Chult niliyoieleza, yenye kusi na kaskazi, huenda akajikuta ameukuza mti katika shamba la mwingine.

Sidai sheria ya hakimiliki ing'olewe. Mwandishi ana haki ya kula kutokana na jasho lake, na waandishi wetu wenyewe wameibiwa mno kiasi kwamba sina ulimi wa kuwabeza wanaojilinda. Ninachokikataa ni kudhani kwamba hakimiliki hutawala hadithi yenyewe. Hutawala karatasi. Humzuia mtu kuchapisha na kuuza. Haina uwezo wa kuingia sebuleni Ijumaa usiku kumwambia fanani kwamba mfalme amekufa. Matukio ya 2008 na 2023 yameonyesha hivyo mara mbili: mwenye karatasi aliamuru, wenye hadithi wakakataa, na mwenye karatasi akarudi nyuma.

Walimu wenzangu mnaofundisha fasihi, nina pendekezo kwenu. Mnapofika kwenye somo la fanani na hadhira, msiishie kwenye fasili za ubaoni. Wagaweni wanafunzi watano watano, mpeni mmoja kazi ya kusimulia, na wengine wawe wahusika. Wapeni bandari inayongoja upepo, au msitu wenye wazee. Dadu zisipopatikana, vipande vya karatasi vyenye nambari katika kofia vyatosha. Kisha waulizeni maswali mawili tu: katika kisa mlichokipokea, sindano ya shaba ni ipi? Na ni nani humo ambaye hakupewa historia?

Nanyi wanafunzi, mkikutana na dunia iliyobuniwa ng'ambo ambamo mtu mfano wenu amewekwa pembeni akiwa amebeba mizigo ya shujaa, msikimbilie kumfuta. Mtueni mizigo, mketisheni, mmuulize alikotoka. Akianza kujibu, simulieni. Hakuna ofisi, iwe Seattle au kwingineko, itakayoweza kuwanyamazisha.